Tujenge Kibanda cha Magogo: Mchezo wa Likizo na Afya ya Nyumba

Likizo ya shule ikifika mzazi hujikuta na watoto watatu au wanne ndani ya nyumba, mvua inanyesha, na simu ya mama imekwisha moto kwa michezo. Mwezi huu tunapenda kuwapendekezea kazi moja ya mezani inayoweza kuwatuliza watoto kwa siku mbili tatu: kujenga kwa vitofali vya kuchezea kibanda cha magogo cha walowezi wa Marekani ya zamani, pamoja na uwanja wake, kisima, ng'ombe na rundo la kuni.

Huenda mtu akauliza, kibanda cha kuchezea kina nini na ukurasa wa afya? Kina mengi. Katika nyumba ya namna hiyo mama wa mtoto wa miaka 9 aliugua akafa kwa sababu ya maziwa, na mtoto yule baadaye akawa Rais wa nchi. Tena vitofali vyenyewe, vikiachwa sakafuni, vinaweza kumziba pumzi mdogo wao anayetambaa. Tutayasema yote mawili.

Kibanda chenyewe kilikuwaje

Ufundi wa nyumba za magogo haukuzaliwa Marekani. Waswidi na Wafini walioanzisha koloni lao katika bonde la mto Delaware mwaka 1638 walikuja nao kutoka kwao, kwenye misitu ya miti iliyonyooka na baridi kali. Walowezi wa mataifa mengine waliuendeleza, na kadiri watu walivyosogea magharibi, kupita milima ya Appalachia hadi Kentucky, Ohio na Indiana, kibanda cha magogo kikawa nyumba ya kwanza ya familia nyingi. Sababu ni rahisi. Kilihitaji shoka, nguvu za mikono, na majirani wachache wa kusaidia kuinua magogo. Misumari ilikuwa ghali, na wengi walijenga karibu bila hiyo.

Fundi alichonga mkato karibu na kila mwisho wa gogo, ili gogo la ukuta wa mbele likae juu ya gogo la ukuta wa ubavuni, yakashikana pembeni kwa uzito wao wenyewe. Nafasi zilizobaki kati ya gogo na gogo zilizibwa kwa vipande vya mbao au mawe, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Wasomaji wetu waliokulia katika nyumba za fito na udongo hawahitaji maelezo zaidi hapo. Kukandika ni kukandika, na baada ya mvua kubwa kazi hurudiwa. Paa lilikuwa la mbao zilizopasuliwa kwa kabari, na mara nyingi zilikandamizwa kwa miti mirefu iliyolazwa juu yake. Sakafu ilikuwa ya udongo, au ya magogo yaliyopasuliwa katikati, upande laini ukaelekezwa juu. Dirisha, kama lilikuwepo, liliweza kufunikwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta, kwa kuwa kioo kilikuwa kitu cha matajiri.

Ni vyema watoto waambiwe pia kwamba nchi ile haikuwa tupu. Washawnee, Wadelaware, Wamiami na wengine waliishi na kulima huko, na mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamishia wenyeji ng'ambo ya mto Mississippi. Masanduku mengi ya michezo hayasemi habari hiyo. Sisi tunaona ni afadhali isemwe mezani, na baba au mama aliye karibu.

Vifaa

Vitofali vya plastiki vinavyojulikana zaidi ni vya LEGO, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala wa mji wa Billund, Denmark, Ole Kirk Kristiansen. Jina lake limetoka katika maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Kitofali chenye vinundu juu na mirija ndani, kama tunavyokijua leo, kiliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na cha mwaka ule bado hushikana na cha leo. Kwa hiyo mfuko wa vitofali vilivyotumika, ulionunuliwa kwenye mitumba au ulioletwa na ndugu kutoka ng'ambo, hauna kasoro yoyote mradi uoshwe. Vya viwanda vingine pia vinafaa, ila vijaribuni kwanza, maana vingine havishikani vizuri na vya wenzao.

Familia isiyo na vitofali isiufunge ukurasa huu. Mwaka 1920 Mmarekani John Lloyd Wright, mtoto wa msanifu majengo mashuhuri Frank Lloyd Wright, alipata hataza ya vijiti vya mbao vyenye mikato, vilivyouzwa kwa jina la Lincoln Logs, navyo hujengwa vile vile kama magogo halisi. Mtoto wa kwetu anayejua kutengeneza gari la mabua ya mahindi anaweza kukata mabua ya urefu mmoja, kuyatia mikato kwa kisu chini ya macho ya mkubwa, na kuyapandanisha. Nafasi zitazibwa kwa udongo halisi. Kwa kweli, kibanda hicho kitafanana na cha walowezi kuliko cha plastiki.

Jinsi ya kujenga

Mwanasesere wa kawaida wa LEGO ana urefu wa sentimita 4 hivi. Tukimchukua kuwa mtu wa mita 1 na sentimita 68, basi kila kitu mezani ni kidogo mara 42 kuliko kilivyo duniani. Kibanda cha futi 16 kwa 20, ambacho ni kipimo cha kawaida cha vibanda vile, kitakuwa na vinundu 14 kwa 18, yaani sentimita 11 kwa 14 na kidogo. Waachieni watoto wa darasa la tano na la sita wapige hesabu hiyo wenyewe. Kisha waambieni wawaweke wanasesere 8 ndani na kufunga mlango. Hapo ndipo wataelewa familia ziliishi vipi.

Kuta ziwe za rangi ya kahawia. Vipo vitofali vilivyotengenezwa na uso wa mviringo kama magogo, lakini vya kawaida vinatosha. Safu moja ya kuzunguka nyumba nzima inahitaji vitofali 15 vya vinundu 4, na kuta za safu 6 zinafikia kimo cha futi 8. Pembeni ndipo penye siri. Katika safu ya kwanza kuta ndefu zitokeze kinundu kimoja nje ya pembe, katika safu ya pili zitokeze kuta fupi, na kuendelea kupokezana hivyo hadi juu. Pembe zitaonekana kama magogo yaliyopandana, na nyumba haitaachana mtu akiinua. Mtoto atakayepanga vitofali bila kupishanisha maungio ataona ukuta ukianguka wenyewe; msikimbilie kumwambia kosa lake kabla hajaliona.

Mlango uachwe nafasi ya safu 5, na dirisha liwe moja, dogo. Paa lijengwe kwa vitofali vya upana wa vinundu viwili, kila safu ikiingia ndani kinundu kimoja pande zote mbili hadi zikutane kileleni. Lisigandishwe moja kwa moja, ili liweze kufunguliwa na watoto wapange meko, kitanda na meza ndani. Nje wekeni rundo la kuni, kisiki chenye shoka, na ua wa mbao zilizopasuliwa, unaokwenda kwa kujipinda kama nyoka. Walowezi waliujenga hivyo kwa sababu haukuhitaji kuchimbiwa nguzo.

Watoto watatu wakigombana, gaweni kazi. Mmoja awe mhandisi, anayeshika mchoro na kueleza kwa maneno tu. Wa pili awe mgavi, anayetafuta kipande kilichoagizwa. Wa tatu awe mjenzi. Baada ya muda wabadilishane. Utaratibu huu si wetu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel LeGoff, aliandika mwaka 2004 jinsi alivyotumia vitofali kuwasaidia watoto wenye usonji kuzungumza na kushirikiana na wenzao, na kazi hizo tatu zinajulikana sana katika tiba hiyo. Nasi tunaona unafaa pia kwa ndugu wasioacha kunyang'anyana.

Je, kuna faida ya kweli, au ni maneno ya wauzaji? Mwaka 2007 Dakta Dimitri Christakis na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto 175 wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Nusu yao walipewa vitofali vikubwa pamoja na mawaidha ya kucheza kwa wazazi, wengine wakasubiri. Baada ya miezi 6 waliopewa walikuwa mbele katika lugha. Katika utulivu wa akili hapakuonekana tofauti ya maana. Tunayasema yote mawili kwa sababu matangazo hutaja lile la kwanza tu. Kwa maoni yetu, faida kubwa imo katika kule kuzungumza: mzazi anayekaa sakafuni na mtoto husema "leta kirefu", "weka juu yake", "bado kimoja", na mtoto hujifunza.

Bomba la moshi

Watoto wakifika kwenye meko, simameni kidogo. Bomba la moshi la walowezi maskini lilijengwa kwa vijiti vilivyokandikwa udongo, nje ya ukuta wa mwisho. Udongo ukibanduka, vijiti vilishika moto. Ndiyo maana baadhi yao walilijenga bomba likiinama mbali na nyumba, likaegemezwa kwa miti, ili siku likiwaka lisukumwe lianguke nje. Kwenye kibanda chenu bomba lipite kilele cha paa kwa kitofali kimoja au viwili.

Ulizeni sasa: jiko letu sisi, moshi wake unatokea wapi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani, unaotokana na kupikia kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yake vilikuwa vya watoto chini ya miaka 5. Kwa watoto hao ugonjwa mkubwa ni kichomi, yaani nimonia. Mama anayepika kwa mafiga matatu huku amembeba mtoto mgongoni humvutisha mwanawe moshi ule ule anaouvuta yeye. Kuni kavu, dirisha linalotazamana na mlango, jiko lenye bomba, kupikia nje kusiponyesha, na kumwacha mtoto mbali na jiko, yote hupunguza moshi anaouvuta mtoto. Gesi na umeme ndiyo bora zaidi, kwa anayeweza. Mkaa usiachwe ukiwaka ndani ya chumba cha kulala hata usiku mmoja. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Ng'ombe uwanjani

Desemba 1816 Thomas Lincoln alihama Kentucky na mkewe Nancy, binti yao Sarah na mtoto wao Abraham, aliyekuwa na miaka 7, wakaenda kuishi katika msitu wa kusini mwa Indiana. Vuli ya mwaka 1818 ugonjwa wa ajabu ulizuka katika mtaa wao. Ng'ombe walitetemeka na kuanguka. Watu waliokunywa maziwa yao waliishiwa nguvu, wakatapika, wakaumwa tumbo, pumzi zao zikatoa harufu isiyo ya kawaida, na wengi walizimia wasiamke tena. Jamaa wawili wa Nancy waliokuwa jirani walikufa Septemba. Nancy mwenyewe, aliyekuwa na miaka 34, alifuata tarehe 5 Oktoba. Inasimuliwa kwamba baba alitengeneza jeneza, na Abraham akachonga vijiti vya kuunganishia mbao zake.

Ugonjwa huo uliitwa ugonjwa wa maziwa. Chanzo chake ni mmea wa maua meupe unaoota kwenye vivuli vya misitu ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Malisho yakikauka, ng'ombe huula, na sumu huingia katika maziwa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 mkunga mmoja wa Illinois, Anna Bixby, alionyeshwa mmea huo na mama mmoja wa Kishawnee, akawahimiza majirani waung'oe. Wataalamu walichelewa kumsikiliza. Sumu yenyewe ilitambuliwa na mkemia wa serikali ya Marekani mwaka 1928, miaka 110 baada ya kifo cha Nancy.

Kwetu mmea huo si tishio, lakini maziwa mabichi bado ni tishio. Ng'ombe mwenye brusela au kifua kikuu huweza kuonekana mzima kabisa huku maziwa yake yakiambukiza nyumba nzima. Chemsheni maziwa hadi yafoke, hata kama ng'ombe ni wenu na mnamjua kwa jina. Maziwa ya mgando nayo yatengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza. Homa inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya viungo, isitibiwe kila mara kama malaria bila kupimwa. Mwambieni daktari kama mnafuga au mnakunywa maziwa mabichi.

Tukitaja malaria, watoto watashangaa kusikia kwamba walowezi wa mabonde ya Ohio na Mississippi nao walitetemeka kwa homa hiyo kila msimu. Waliilaumu hewa mbaya ya vinamasi, mpaka Ronald Ross alipoonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea hukua ndani ya mbu. Marekani ilihesabiwa kuwa imeitokomeza malaria mwaka 1951. Basi kama mezani mna mto wa vitofali vya buluu, kibanda kisikae kando yake.

Mwaka 1819 Thomas alimwoa mjane Sarah Bush Johnston, aliyekuja na watoto watatu. Pamoja na binamu mmoja, watu wakawa 8 chini ya paa moja. Masimulizi yanasema mama huyo wa kambo alidai sakafu ya mbao, mlango na dirisha. Tunampenda mama huyo.

Mdogo wao anayetambaa

Kwa mujibu wa kanuni za Marekani, kitu kinachoingia chote katika tundu la upana wa sentimita 3.17 ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Nyumbani tumieni bomba la karatasi lililobaki katikati ya karatasi ya chooni, ambalo ni pana kidogo zaidi: kinachopita humo kisimfikie mdogo. Vitofali vyote vya kibanda chetu hupita. Kwa hiyo jengeni juu ya meza, si mkekani, na mdogo apewe vile vikubwa, vya mara mbili kila upande, vilivyotengenezwa kwa ajili ya umri wake.

Mtoto akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe, mkimwangalia. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kuvuta pumzi, msingoje. Aliyezidi mwaka mmoja ainamishwe mbele na apigwe mapigo 5 kwa kisigino cha kiganja, katikati ya mabega. Kisichotoka, simameni nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, mkivuta ndani na juu mara 5. Rudieni kwa zamu. Mchanga wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, apigwe mapigo 5 mgongoni. Kisha ageuzwe na kusukumwa katikati ya kifua mara 5. Tumbo la mchanga lisibinywe kamwe. Msiingize kidole kooni kutafuta msichokiona, kwani mtakisukuma ndani. Mtu mwingine akatafute gari wakati huo huo. Mtoto akizimia, aanze kusukumwa kifua na kupuliziwa pumzi mpaka msaada ufike. Hata akipona, apelekwe hospitali. Kikohozi kisichokwisha baada ya tukio hilo huenda ni kipande kilichoingia katika pafu.

Pua ya upande mmoja inayotoa usaha wenye harufu mbaya mara nyingi ina kitu ndani: kitofali, punje ya mahindi, sifongo. Msikichokoe kwa njiti.

Kilichomezwa na kufika tumboni kwa kawaida hutoka chenyewe. Mwaka 2018 madaktari 6 wa watoto, wa Australia na Uingereza, walimeza kila mmoja kichwa cha mwanasesere wa LEGO, kisha wakachunguza vyoo vyao. Kwa wastani vichwa vilitoka baada ya siku 1.71, daktari mmoja hakukiona chake kabisa. Walikuwa watu wazima, na kipande kilikuwa laini. Betri ndogo ya mviringo kama kitufe, inayowekwa katika taa za kuchezea, ni jambo jingine kabisa. Ikikwama kooni huweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Sumaku mbili huweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Kwa hizo, hospitali mara moja, hata mtoto akiwa anacheka.

Jioni vitofali vihesabiwe na kurudishwa kwenye chombo chenye kifuniko, na kaka au dada mkubwa apite uvunguni mwa meza na tochi. Kuviosha, vitieni ndani ya mfuko wa wavu wa vitunguu, uufunge, mviloweke katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, yenye sabuni kidogo, kisha mvisuuze na kuvianika kivulini. Maji ya moto na joto la jiko huipinda plastiki, na kitofali kilichopinda hakishikani tena na mwenzake.